Mkwe Wangu Anapika Sirapu Jikoni Mwangu

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Jua limetoka baada ya wiki nzima ya manyunyu na mtaa mzima umeanika nguo. Mimi sikuanika hata leso. Nimeshinda chumbani tangu asubuhi kama mwali anayefundwa, mwanamke wa miaka sitini na miwili, kwa sababu jikoni mwangu kulikuwa na mwanamume anapika sirapu.

Mwanamume mwenyewe ni mkwe wangu.

Sasa wamekwenda zao na nyumba imenyamaza. Nina hasira, ila leo hasira zangu hazijui zimwendee nani. Basi nitaanza na yule niliyezoea kumkasirikia.

Anaitwa Mutua. Alimwoa binti yangu Nekesa miaka mitatu iliyopita. Siku ya kwanza kuniona alinisalimu "Sasa, mathe," kama mtu anayeniomba kiberiti, halafu Nekesa akamfinya akarudia vizuri. Nilivumilia. Alikuwa na digrii ya takwimu, kazi ya ofisini na viatu vinavyong'aa, nikasema haya, si haba. Mwaka jana kampuni ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Mwanamume mwingine angetafuta kazi nyingine. Mutua alinunua mizani. Kamizani kadogo ka kupimia gramu, pamoja na kipimajoto cha kutumbukiza kwenye sufuria, kana kwamba sukari inaugua malaria.

Nikaambiwa wanaanza biashara ya sirapu ya matunda. Ya kuchanganya na maji baridi au soda, ya kumwagia keki na aiskrimu, ya kupaka chapati za maji. Nilimsomesha Nekesa kwa mshahara wa karani wa jiji, nikila sukuma wiki bila mafuta ili yeye apate vitabu. Aliponipigia kunipa habari hiyo nilicheka mpaka akakata simu.

Matunda yenyewe ni malberi. Wenye Kiswahili chao huyaita forosadi, lakini hapa mtaani Jericho, Nairobi, ukimwambia mtu forosadi atadhani ni mchezaji wa kandanda. Mti uko nyuma ya nyumba yangu, karibu na bomba. Marehemu mume wangu aliupanda akisema utatupa kivuli. Kivuli sijakiona, nimeona madoa. Shuka nyeupe ukiianika karibu nao inarudi ndani na mabaka ya zambarau ambayo hakuna sabuni ya kuyatoa, na ndege wakishashiba malberi wanakuja kumalizia haja zao juu ya blanketi zangu. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamekulia juu ya mti ule, wakishuka na midomo myeusi kama waliolamba wino.

Leo eti malberi ni oganiki. Mutua ameliandika neno hilo kwenye karatasi inayobandikwa kwenye chupa, na chini yake ameandika "Yamechumwa kwa mikono." Yangechumwa kwa nini, kwa miguu?

Wao wanaishi Pipeline, ghorofa ya sita, kwenye yale majumba yaliyobanana hadi jirani akipiga chafya unamwambia afya bila kuinuka kitini. Wiki hii maji yamekatika huko. Na sirapu bila maji haipikiki, maana matunda yanaoshwa, vitambaa vinaoshwa, chupa zinachemshwa. Kwa hiyo juzi Nekesa akanipigia. Mama, tuje kwako Jumamosi? Tuna kazi kubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuna mama mmoja mpishi wa harusi, mwenye mahema na masufuria yake, aliyeionja sirapu yao akaipenda. Alitaka chupa thelathini za harusi ya kesho Jumapili. Nyingine ya kuchanganya kinywaji cha wageni, nyingine ya keki. Akawaambia ikiwafurahisha wageni, basi kila harusi yake atawaita wao. Nekesa alinieleza kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mumewe apoteze kazi. Kisha akasema jambo ambalo heri asingeniambia.

"Na ikishindikana hii, mama, Mutua amesema basi. Tunaacha kabisa."

Nikamwambia waje.

Sasa, msomaji ambaye si wa kwetu, nikueleze. Kwetu Bungoma mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hatushikani mikono, hatuli meza moja, na mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake seuze kushika mwiko wake. Mama yangu mzazi aliwahi kujikunyata nyuma ya ghala la mahindi karibu nusu saa kwa sababu mume wangu alikuwa amesimama njiani akizungumza na watu. Hakuona ajabu. Alijipangusa vumbi akaendelea na safari yake. Hiyo ndiyo heshima niliyofundishwa, na nimekula chumvi nyingi ya kutosha kujua kwamba haijamuua mtu.

Mutua ni Mkamba aliyezaliwa na kulelewa Nairobi. Nekesa alimfundisha desturi zetu kabla hawajafunga ndoa, na mimi siku zote nimekuwa na hakika kwamba ziliingilia sikio hili zikatokea lile. Leo amekuja na kaptula. Kaptula! Nimeyaona magoti ya mkwe wangu saa mbili asubuhi, Mungu anisamehe, kabla hata sijanywa chai.

Basi tukapatana hivi. Mimi nikae chumbani. Wao wawe jikoni na uani. Kati yetu kuna sebule, na mlango wa jikoni una pazia. Nikitaka chai Nekesa ataleta, nikiwa na neno Nekesa atalipeleka.

Nilikuwa na maneno mengi.

Wametandika turubai chini ya mti wakatikisa matawi, malberi yakamwagika kama mvua. Niliwaona kupitia dirisha la chumbani. Kisha wakakaa uani wakikata vikonyo kimoja kimoja kwa makasi. Kimoja kimoja! Nikamtuma Nekesa amwambie mumewe kwamba vikonyo havijawahi kuua mtu. Jibu likaja kwamba vinafanya sirapu iwe na uchungu. Nikamtuma tena aulize aliyasoma hayo kwenye takwimu sura ya ngapi. Hilo Nekesa hakulipeleka. Alinitazama tu akarudi uani.

Wameosha, wametia kwenye sufuria na maji kidogo, wamechemsha mpaka matunda yakapasuka, wameponda kwa mwiko, wamechuja kwa kitambaa cheupe kilichofungwa miguuni mwa kigoda kilichopinduliwa. Hapo nilisonya. Mtu anayepima sukari kwa gramu anachujia sirapu kwenye miguu ya kigoda changu. Halafu sukari, halafu maji ya ndimu, halafu unakaa hapo kama mlinzi na moto mdogo, unaengua povu, unakoroga, mpaka matone yaache kukimbia na kuanza kujivuta. Hakuna ujuzi hapo. Ni subira tu, na subira hata ng'ombe anayo.

Awamu ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kujaribu moto wa jiko langu. Chupa tano zikapatikana. Nekesa akaniletea kijiko nionje, nikamwambia tumbo linanisumbua. Ukweli ni kwamba harufu ilikuwa imenifikia tangu mapema, na sikutaka ulimi wangu upate sababu ya kunisaliti.

Awamu ya pili ndiyo ilikuwa yenyewe. Malberi yote yaliyobaki, yale meusi yaliyoiva, ndani ya sufuria yangu kubwa ninayoitoa Krismasi na kwenye misiba. Zilitakiwa chupa ishirini na tano humo. Mwendo wa saa nane ilikuwa imeshachujwa, sukari imeingia, iko motoni. Nekesa akagundua vifuniko vya chupa havitatosha. Akavaa sweta akaenda Kariobangi kwa yule anayewauzia chupa. Akanipitia mlangoni akasema narudi sasa hivi, mama, Mutua anaangalia sufuria.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikizungukazunguka.

Nilikuwa nimelala chali nikisikiliza. Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, nikasikia mlango wa uani, nikasikia bomba limefunguliwa na chupa zinagongana. Mkwe ametoka kuosha chupa. Dakika zikapita. Halafu nikasikia harufu. Si ile tamu ya asubuhi. Hii ilikuwa na ukali kidogo chini yake, kama maandazi yanapoanza kushika upande ambao huuoni. Nimepika miaka arobaini, najua sukari inaposhika. Anayeijua harufu ile anajua pia kwamba bado kuna nafasi. Unazima moto, unaimimina kwenye chombo kingine bila kukwangua chini, na umeiokoa.

Nikainuka. Nikavuka sebule. Nikashika pazia nikalisogeza.

Jikoni hamkuwa na mtu.

Povu lilikuwa linapanda, zambarau, linene, linatambaa hadi ukingoni na kudondoka motoni likichirizika. Moto ulikuwa mkubwa kuliko inavyofaa, mjinga aliusahau. Kutoka pale nilipokuwa hadi kwenye jiko ni hatua nne. Nimezihesabu leo mara nyingi. Desturi ya kwetu inanikataza kukutana na mkwe wangu jikoni. Hainikatazi kuzima moto kwenye jiko langu mwenyewe wakati mkwe yuko nje.

Niliwaza neno moja tu. Ikiungua, ataacha.

Ataacha, atavaa suruali, atatafuta kazi ya watu. Nitaweza kuwajibu wanawake wa kanisani wanaponiuliza mkwe wako siku hizi anafanya nini, wakiuma midomo ili wasicheke. Nilisimama pale nikiitazama sufuria kwa muda ambao ningeweza kusema Baba Yetu mara mbili. Nikaliachia pazia. Nikarudi chumbani. Nikajitia hamnazo. Nikachukua Biblia, ndiyo, Biblia, nikaifungua popote nikaikazia macho.

Sikusoma hata mstari mmoja.

Moshi ulipofika chumbani ndipo niliposikia miguu yake ikikimbia. Sufuria ikaburutwa, maji yakamwagwa, kikatoka kishindo cha mvuke. Nilingoja matusi. Hakutukana. Hilo lilinikera kuliko ambavyo matusi yangenikera.

Nekesa alirudi na mfuko wa vifuniko. Nilimsikia akisimama mlangoni mwa jikoni. Kisha nikasikia sauti ya Mutua ikimwambia ni kosa lake, alikuwa kwenye simu uani, akajisahau. Nikasema moyoni, unaona? Hata kudanganya hajui. Mimi nilimsikia vizuri pale bombani na hakuzungumza na simu yoyote. Nilidhani anaficha uvivu wake.

Akamalizia, "Mwambie mama pole kwa moshi."

Nekesa alikuja kuniambia. Alisimama mlangoni mwa chumba changu akiwa bado na mfuko mkononi. Akaniuliza bila ukali wowote kama sikusikia harufu. Nikamwambia nina mafua. Halafu, kwa kuwa uongo mmoja ukikaa peke yake huona baridi, nikaongeza kwamba hata kama ningesikia, ningeingiaje jikoni na mkwe yumo?

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Nimedharau watu wengi sana maishani mwangu, lakini sijawahi kumwona mtu wa kudharauliwa kama yule mwanamke aliyekaa kitandani leo na Biblia mapajani.

Walitoka wakaukagua mti. Yaliyobaki ni mabichi, ya kijani na mekundu, makali kama siki. Nekesa akapiga simu kwa yule mama wa mahema. Alikuwa uani, chini ya dirisha langu kabisa. Alimweleza ukweli, kwamba sirapu imeungua na wana chupa tano tu. Akajaribu kumwomba wapeleke hizo tano za keki. Sikusikia upande wa pili, lakini nilimsikia Nekesa akisema, sawa, basi chukua ile ya dukani, naelewa, asante. Ile ya dukani naijua. Nyekundu ya rangi tu, haijawahi kukutana na tunda. Wageni wa kesho watainywa na midomo itabaki myekundu hadi Jumanne.

Alipokata simu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa tayari kumsikia akimgeuzia mumewe makali. Badala yake akaanza kujisemesha, chini kwa chini, kwamba alijua. Alijua hataweza. Alijua ni mambo ya kuchekesha tu, mtu mzima na sukari.

Nilikaa wima. Mbona anasema yeye?

Baadaye kidogo akaenda barabarani kutafuta bodaboda ya kubebea chupa tupu. Mutua akabaki jikoni na sufuria yangu. Nilisikia akiisugua. Alisugua, alisugua, akatoka akachota majivu ya jirani, akarudi akasugua. Sijui nini kilinipata. Labda ni lile neno la Nekesa, sijui. Niliinuka nikavuka sebule, na safari hii nilisimama nyuma ya pazia bila kulifungua.

Nikamwita kwa jina. Miaka mitatu sijawahi kumwita kwa jina.

Kusugua kukakoma. Kupitia upenyo wa pazia niliona amesimama wima, na hakugeuka. Alikuwa amenipa mgongo na kichwa amekiinamisha, sawasawa na inavyotakiwa, kaptula na yote.

Nikamwambia niliiona sufuria ikishika. Nikamwambia hakukuwa na mtu jikoni na ningeweza kuzima.

"Najua, mama," akasema. "Nilikuona."

Alikuwa anarudi kutoka bombani na chupa mkononi. Akaniona kupitia dirisha la jikoni, nimeshika pazia. Basi akafanya alivyofundishwa. Aligeuka akaelekea kwenye mti, akanipa mgongo, akangoja nimalize shughuli zangu jikoni ndipo aingie. Harufu aliisikia. Alisema alifikiri, mama yuko pale, mama anajua kupika, ameshazima.

Alingoja hapo kwa heshima mpaka moshi ukatoka dirishani.

Ndipo akaniambia lile lingine, polepole, akiwa bado ameutazama ukuta. Kwamba sirapu si yake. Sirapu ni ya Nekesa. Ni Nekesa aliyeanza kuipika usiku na mchana alipoona mumewe hana kazi, ni yeye aliyepata vipimo, ni yeye aliyependa yale maneno ya kwenye chupa. Yeye Mutua alinunua mizani tu. Lakini siku Nekesa aliponipigia simu kunieleza, nilicheka kabla hajamaliza sentensi, na tangu siku hiyo wakakubaliana iitwe ya Mutua. Kwa sababu mimi nikimcheka Mutua, Mutua halali na njaa. Nikimcheka Nekesa, Nekesa hapiki.

"Usimwambie, mama. Mimi atanisamehe, ni wiki moja tu atanuna. Akijua ni wewe hatashika mwiko tena."

Bodaboda ikasikika nje. Nikarudi chumbani haraka kama mama yangu nyuma ya ghala lake.

Waliondoka bila mambo mengi. Nekesa alinikumbatia, akasema pole kwa usumbufu, mama. Mutua aliniaga kutoka uani, akiwa amegeukia upande. Sufuria ameiacha juu ya meza, imesuguliwa mpaka inaonyesha sura yangu, na sura yenyewe sikuipenda.

Wameacha chupa moja pia. Nimepika chapati mbili za maji nikamwagia. Nilitamani kutoka moyoni mwangu iwe mbaya, iwe tamu kupita kiasi, au iwe na ule uchungu wa vikonyo. Haina. Ina utamu halafu ina ukali kidogo unaokuja nyuma yake, na inabaki ulimini baada ya kumeza. Nimekula zote mbili nikapika ya tatu. Miaka thelathini nimeulaani mti ule kwa madoa, na mtoto wangu alikuwa anautazama huohuo akiona kitu cha kuwapa watu.

Nimejaribu kumtafuta mwingine wa kulaumu. Nimeanza na kampuni iliyompunguza kazi, nikaenda kwa wanawake wa kanisani, nikamfikia yule mama wa mahema asiye na subira, nikajaribu hata desturi. Desturi nimeitukana kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba leo nyumbani mwangu kulikuwa na watu wawili inaowahusu, na mmoja wao aliifuata kwa kichwa kilichoinama ilhali mwingine aliitumia kama shuka ya kufunikia uchafu. Niliyemwita hana adabu ndiye aliyeifuata.

Sasa suala ni kama nikae kimya. Mutua ameniomba, tena ameniomba vizuri, na sababu yake ina akili. Nimeipindua kila upande tangu waondoke. Nikinyamaza, Nekesa atamnunia mumewe, kisha atasahau, kisha labda malberi yakiiva tena atajaribu. Nitabaki mama mwema mwenye mafua. Ni rahisi, na ningeweza kuishi hivyo miaka mingi, najijua.

Lakini nimemsikia pale kwenye ndoo. Hakumlaumu Mutua. Alijilaumu mwenyewe, kwa maneno yangu mimi, karibu kwa sauti yangu. Uongo wa Mutua haumfai kitu, maana mwenye kosa ameshampata na ni yeye. Na kusema kweli sitaki kufichiwa aibu na mwanamume aliyekuja kwangu na kaptula. Nyumbani mwangu mkwe haniamrii.

Kuna watu wasiozidi kumi wanaosoma blogu hii, wengi wao wastaafu wenzangu wanaotafuta makosa ya tahajia. Wa kwanza kusoma huwa ni Nekesa, kwa sababu ndiye aliyenifungulia na simu yake hulia kila ninapoweka kitu. Ningeweza kumpigia, lakini kwa simu ningelia, na nikilia atanibembeleza, na leo sistahili kubembelezwa. Afadhali asome akiwa peke yake, akasirike mpaka mwisho.

Basi, Nekesa.

Hukuunguza wewe. Hakuunguza Mutua. Moto ulikuwa wa kuzimwa na nilisimama mbele yake nikakataa. Vipimo vyako havikuwa na kosa, kuhusu vikonyo ulisema kweli, na chupa uliyoniachia imefika nusu.

Usiponipigia wiki hii nitaelewa. Usipopiga mwezi huu pia nitaelewa, ingawa nitaumia. Nikasirikie utakavyo, mwanangu, ila usiache kupika.